Kila Kisu na Ala Yake



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, juma hili tunajibu swali la mama mmoja ambaye kijana wake amemaliza shule na bado hajapata kazi. Kijana huyo amejifunza kuunda ala za visu kwa plastiki inayolainishwa kwa moto, na sasa anaomba apewe pembe ya nyumba afanyie kazi yake. Mama anataka kujua ni vifaa gani hasa vinavyohitajika. Pamoja na hilo ana hofu mbili. Ya kwanza ni mvuke wa plastiki ndani ya nyumba yenye watoto wadogo. Ya pili ni maneno ya majirani, wasije wakasema kwamba nyumbani kwake kunaundwa silaha. Maswali haya ni ya haki, na Inshallah tutayajibu moja baada ya jingine.

Tuanze na hukumu ya ala yenyewe kabla ya vifaa vyake. Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Suratul Hadid kwamba chuma kimeteremshwa kikiwa na nguvu kali na manufaa kwa watu. Mambo hayo mawili yamo ndani ya kitu kimoja. Kisu kinachomenya muhogo ndicho hicho kinachoweza kukata kidole cha mtoto. Kinachotenganisha manufaa na madhara yake ni mkono wa mtu na ala. Mkono unapokishika, akili inakilinda. Mkono unapokiacha, hapana cha kukilinda isipokuwa ala.

Mtume wetu (s.a.w.) alilizingatia jambo hili kwa undani. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kutoka kwa Jabir bin Abdillah (r.a.), kwamba Mtume alikataza watu kupeana upanga uliochomolewa. Na katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), tumefunzwa kwamba anayepita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake kwa mkono wake, ili asimjeruhi Muislamu yeyote. Tazama, enyi ndugu zangu: mwenye mshale hakuulizwa nia yake. Huenda nia yake ilikuwa safi kabisa. Aliamrishwa azizuie ncha kwa sababu wapita njia wana haki juu yake. Kutokana na mafundisho haya twafahamu kwamba kisu ni mali ya mwenyewe, lakini makali yake yanamhusu kila anayepita karibu nacho. Kuyafunika ni haki ya wengine.

Sasa tujiulize hali ya majumbani mwetu. Kisu cha samaki kimetupwa ndani ya sinia pamoja na vijiko. Kisu cha kuchinjia kimefungwa gazeti na kuwekwa juu ya kabati tangu Idi iliyopita, na gazeti limeoza. Kisu cha mboga kimelala ndani ya karai la maji ya sabuni yenye povu, na binti anatia mkono kuosha vyombo asione kitu. Tunao msemo usemao mtoto akililia wembe, mpe. Msemo huo ni wa kumfunza mkaidi aliyekwisha kuonywa, tena mwenye akili ya kuelewa onyo. Haumhusu mtoto wa miaka mitatu anayefungua mtoto wa meza kutafuta kijiko. Huyo hakulilia wembe. Sisi ndio tuliomwekea.

Kwa hivyo, bibi muulizaji, kazi anayoitaka kijana wako ina asili njema. Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma na Mola wake, kama ilivyo katika Surat Sabaa, akaamrishwa aunde mavazi ya kinga na apime sawasawa katika kuyaunganisha. Zingatia mambo mawili hapo: alichokiunda kilikuwa kinga, na aliamrishwa kupima. Mwenye kuunda ala naye analainisha kitu kwa moto, anaunda kinga, na asipopima ameharibu.

Huenda mtu akauliza, kwa nini plastiki na sisi tumezoea ala za ngozi? Ngozi ni nzuri na ina heshima yake. Jambia la bwana harusi halitavikwa plastiki. Lakini sisi ni watu wa pwani, na hewa yetu ina chumvi. Ngozi hunywa maji na kuyahifadhi, na kisu kilichorudishwa ndani yake kikiwa na unyevu hulala na unyevu ule usiku kucha, asubuhi kimeota kutu. Ngozi iliyonywa damu au maji ya samaki haioshwi ikatakata. Plastiki hainywi maji. Huoshwa kwa sabuni, ikapanguswa, na kisu kikarudi ndani kikavu. Kwa mvuvi, muuza samaki, mchinjaji na mama wa jikoni, hiyo ni faida kubwa.

Vifaa vyenyewe si vingi. Nitavitaja kwa mafungu sita.

Fungu la kwanza ni plastiki. Mafundi wa Marekani na Ulaya hutumia zaidi bamba liitwalo Kydex, ambalo ni mchanganyiko wa akriliki na PVC. Bamba la unene wa milimita 1.5 linatosha visu vidogo vya jikoni, na la milimita 2 linafaa visu vikubwa vya kuchinjia. Bamba hilo halipatikani kila duka la mtaani, na kuliagiza kuna gharama. Anayeanza anaweza kujifunzia kipande cha paipu pana la PVC kilichobaki kwa fundi wa mabomba. Kipande hicho huoshwa vizuri, hupasuliwa kwa urefu wake kwa msumeno, hulainishwa kwa moto na kubanwa baina ya mbao mbili mpaka kikawa bamba bapa. Asitumie plastiki asiyoijua jina. Vipande vya ndoo na majaba havifai kazi hii, kwani vikipata moto hujikunja na kusinyaa, havishiki umbo.

Fungu la pili ni chombo cha moto. Kydex hulainika vizuri katika kiasi cha nyuzi 160 hadi 175 za Selsiasi. Hapo bamba gumu hulegea likawa kama kipande cha ngozi laini. PVC ya paipu huanza kulegea mapema zaidi, kwenye kiasi cha nyuzi 80, kwa hivyo haitaki moto mkali. Chombo kinachofaa ni oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani, pamoja na kipimajoto cha kuweka ndani yake, kwa sababu namba za kwenye kitufe mara nyingi hazisemi kweli. Badala yake aweza kutumia mashine ya kupuliza hewa ya moto, ile ambayo mafundi huitumia kubabua rangi ya zamani. Mashine ya kukaushia nywele haifikii joto la Kydex. Jiko la makaa ni hatari, maana joto lake halipimiki: upande mmoja unababuka na upande wa pili bado mgumu.

Fungu la tatu ni mashine ya kubana, nayo huundwa nyumbani. Huhitajika mbao mbili nzito za ukubwa wa sahani kubwa, na juu ya kila ubao hubandikwa kipande cha sponji ngumu yenye unene wa kiasi cha inchi moja. Sponji ya godoro haifai, ni laini mno. Inayofaa ni ile nzito, isiyopitisha maji, mfano wa mikeka minene ya mazoezi. Kisha hutakiwa jiriwa mbili au nne za mkono za kubania mbao hizo. Bamba moto na kisu huwekwa katikati, mbao hubanwa, na sponji husukuma plastiki ikashika kila umbo la kisu.

Fungu la nne ni vifaa vya kupima na kukata: rula ya chuma, penseli, msumeno wa chuma, tupa, na msasa wa namba tatu au nne, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule laini wa kung'arishia. Hapa pia uingie utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi. Utepe huo huzungushwa kwenye kisu tabaka moja au mbili kabla ya kubanwa. Una kazi mbili: unafunika makali wakati wa kazi, na unaacha nafasi ndogo ndani ya ala ili bapa la kisu lisikwaruzwe kila kinapoingia na kutoka.

Fungu la tano ni vifaa vya kufungia. Ipo ala ya kukunja, ambayo bamba moja hukunjwa kwenye mgongo wa kisu na kufungwa upande wa makali. Na ipo ala ya vipande viwili, inayofungwa pande zote mbili. Zote huhitaji keekee ya kutoboa matundu, ya mkono au ya umeme, pamoja na riveti zenye tundu katikati, mfano wa vile vijicho vya shaba vinavyopigwa kwenye maturubai. Riveti hizo zina kifaa chake cha kupigia, nacho hupigwa kwa nyundo ya kawaida. Asiye na kifaa hicho aanze na skrubu fupi zenye nati. Jambo la kuangaliwa ni kwamba riveti au skrubu isiguse makali, bali iwe nje ya njia ya kisu.

Fungu la sita ndilo ambalo vijana hulisahau, nami kama ningeruhusiwa ningelitanguliza: miwani ya kukinga macho, glavu za ngozi za kushikia bamba moto, na barakoa ya kuzuia vumbi wakati wa kupiga msasa. Vumbi la plastiki si la kuvuta puani. Msasa ukilowekwa maji, vumbi hupungua sana. Ndoo ya maji na kitambaa kizito viwe karibu daima.

Kuhusu namna ya kufanya, nitasema kwa ufupi. Kisu huzungushiwa utepe, bamba hukatwa kubwa kidogo kuliko kisu, hulainishwa, huwekwa juu ya kisu na kubanwa haraka kabla halijapoa. Huachwa ndani ya mbao dakika kumi hivi mpaka lipoe kabisa. Kisha matundu hutobolewa, riveti hupigwa, kingo hukatwa na kulainishwa, na kwenye ncha huachwa tundu dogo la kutokea maji. Anayejifunza ni bora aanze na mfano wa kisu uliochongwa kwa mbao, mpaka mkono uzoee.

Kipimo cha ala njema ni hiki: kisu kikiwa ndani, iinamishe juu ya meza na kuitikisa. Kisipoanguka, imeshika. Kisha kichomoe kwa kusukuma kidole gumba. Kikitoka bila ya kung'ang'aniwa, imepimwa sawa. Ala inayobana kupita kiasi ni hatari kama ile iliyolegea, kwani mtu akivuta kwa nguvu zake zote, kisu hutoka kwa ghafla na mkono ukapotea njia. Mwenye ala aambiwe pia kwamba plastiki hii haisahau umbo lake la kwanza. Ikipata joto tena hutaka kunyooka. Basi isiwekwe kando ya jiko wala kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Sasa tuje kwenye hofu ya kwanza, bibi muulizaji, hofu ya mvuke. Hofu yako ina msingi. PVC ikitiwa joto la kiasi hulainika tu, lakini ikizidishiwa moto huanza kuungua na kutoa gesi ya asidi, yenye kuwasha macho na kuchoma kifua. Kydex nayo ina PVC ndani yake, kwa hivyo hukumu yao ni moja. Mtoto mchanga, mwenye pumu na mzee ndio wa mwanzo kudhurika. Dini yetu imetufunza kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na riziki ya mmoja haijengwi juu ya kifua cha mwingine.

Basi mpe ruhusa kwa masharti. Sharti la kwanza, kazi ya moto ifanywe uani au barazani penye upepo, isifanywe jikoni wala chumbani. Sharti la pili, oveni ya plastiki iwe ya plastiki peke yake. Ikishaingia kazi hiyo isirudi tena kuoka mkate wala keki, na iandikwe kwa rangi ili asije mtu akakosea. Ikiwa nyumba ina oveni moja tu, basi hiyo haiguswi, naye angoje mpaka apate ya kwake. Sharti la tatu, asiache bamba motoni akaenda zake, hata kwa muda wa kujibu simu. Likianza kubadilika rangi au kutoa harufu kali, azime umeme na kila mtu aondoke pale mpaka hewa isafike. Sharti la nne, mabaki ya plastiki yasichomwe moto kamwe, wala uani wala jaani, bali yakusanywe yatupwe pamoja na taka. Sharti la tano, visu vya kazi vihesabiwe kabla na baada, na watoto wasikaribie.

Hofu ya pili ni ya silaha. Hapa hatuna budi kusema kweli. Katika baadhi ya mitaa yetu ya Mombasa tumeona vijana wakitembea na visu na mapanga, wakawatia wenzao hofu na majeraha, na mama zao wakaishia kwenye milango ya mahakama. Sheria ya nchi inakataza mtu kuwa na silaha ya hatari hadharani bila ya sababu ya halali. Na kabla ya sheria ya nchi, Mtume wetu (s.a.w.) amekwisha kutukataza kumwelekezea ndugu silaha, hata kwa mzaha, kwani mtu hajui, huenda shetani akautelezesha mkono wake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Je, kuunda ala ni kusaidia uovu huo? Jibu letu ni kwamba ala kwa asili yake ni halali, tena ni kinga. Lakini fundi hana udhuru wa kutojali nani anamuundia. Kuna ala ya kisu cha kazi: ya jikoni, ya mvuvi, ya mchinjaji, ya mkulima, ya fundi wa ngozi. Hiyo aiunde na amshukuru Mungu. Na kuna ala ya kufichwa chini ya shati, anayoitaka kijana asiye na kazi ya kisu. Hiyo aikatae, hata akiongezwa bei. Kanuni nyepesi ni kumuuliza mteja: kisu hiki kinafanya kazi gani? Mwenye kazi atajibu papo hapo. Asiyekuwa nayo atababaika. Na kazi hii ikifanyika barazani mchana kweupe, kila jirani akiona kinachoundwa na nani anakichukua, maneno yatakwisha yenyewe.

Ama riziki, kijana asifanye haraka ya kununua kila kitu. Aanze na mbao mbili, sponji, jiriwa za kuazima, msumeno na vipande vya PVC. Aunde ala za visu vya nyumbani kwao kwanza. Hizo ndizo darasa lake, na mama yake ndiye mtahini. Kisha aende kwa wauza samaki na wachinjaji. Msimu mzuri kwake ni majuma ya kabla ya Idi ya Kuchinja. Wakati huo kila nyumba hukitafuta kisu chake, na ala ina fadhila nyingine ambayo wengi hatuifikirii. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tunoe kisu na tumpe mnyama raha, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws (r.a.). Na imepokewa na al-Hakim, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), kwamba alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu mbele ya mnyama aliyekwisha kulazwa. Kisu kilichonolewa mapema kikafichwa ndani ya ala mpaka saa yake ndicho kinachotimiza adabu hiyo.

Na katika bei awe mkweli. Ala ya paipu asiiuze kwa jina la Kydex, na iliyopasuka kidogo penye riveti asiisugue kwa msasa ikaonekana nzima. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba hapana chakula bora kuliko kile mtu alichokichuma kwa mkono wake, na akamtolea mfano Nabii Daud (a.s.). Lakini ubora huo huondoka ukiingia udanganyifu.

Kwa wasomaji wetu wengine, hasa mama zetu, hata kama hakuna fundi nyumbani kwenu, usiku wa leo vitoeni visu vyote na kuvitia juu ya meza moja. Kilichokosa ala kisafishwe, kikaushwe, kifungwe walau kwa gamba la kadibodi nene lililokunjwa na kuzungushiwa utepe, kisha kiwekwe mahali pa juu mpaka kipate ala yake. Na tukipeana kisu, tukipeane kikiwa ndani ya ala. Kikiwa hakina, tukiweke chini mwenziwe akiokote mwenyewe. Ni sunna ndogo inayolinda vidole vingi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awabariki vijana wetu kwa kazi za halali, aipe mikono yao ujuzi na nyoyo zao uchamungu, awahifadhi watoto wetu na kila lenye makali, na azijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.